Namna Tulivyomwondoa Rais wa Chama cha Mazishi

Mstari uliotuletea balaa niliuandika mimi, kwa mkono wangu. Siku hiyo tulikaa watu sita ndani ya kanisa hapa Mwakirunge, tukitunga katiba ya chama chetu cha kuzikana ili tupate cheti cha serikali. Kalamu nilishika mimi, si kwa elimu, maana nilikomea darasa la saba, ila walisema hati yangu inasomeka. Tulikuwa tumechoka, na karatasi ilibaki moja. Tulipofika kwenye swali la mwenyekiti akikosea ataondolewaje, hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu wa shule ya msingi, makamu wa mwenyekiti, akasema, "Andika hivi: ataondolewa kama rais wa nchi anavyoondolewa." Tukacheka, nikaandika, tukaenda zetu.

Rais wa nchi huondolewaje, mimi sikujua. Nadhani mwalimu naye hakujua, lakini hiyo ni dhana yangu, simsingizii.

Tangu siku hiyo mwenyekiti wetu akaitwa Rais. Sikumpenda. Nasema hili mapema ili anayesoma ajue anapima maneno ya nani. Alikuja kutoka bara akiendesha lori la mawe, akaoa huku, akajenga. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza, na wachonga mawe wa timboni, kwenye machimbo yetu, walikuwa wakimwigiza hata mbele yake. Akiingia mkutanoni alitaka watu wasimame. Ukichelewa alikufungia mlango. Mama mmoja alifika na mtoto mgonjwa mgongoni, akamwambia arudi nyumbani, chama si zahanati. Hayo niliyaona kwa macho. Niliyaona na haya: turubai la chama halikutoka stoo hata siku moja kwenda kwenye harusi ya mtu kwa siri, na kaburi likichimbwa yeye alikuwa wa kwanza kushika sululu na wa mwisho kuiweka.

Kaburi kwetu si kazi ya jembe. Ukichimba futi mbili umefika mwamba, na kuanzia hapo linachongwa vile vile tunavyochonga mawe ya kujengea: unapiga mstari, unaingiza mtaimbo, unang'oa jiwe moja baada ya jingine. Watu wanane wa timboni hulimaliza asubuhi moja. Asiyeijua kazi atahangaika siku mbili na atoke na viganja vibichi. Ndiyo maana mtu huku hujiunga na chama. Viti, sufuria na turubai ni vizuri, lakini hasa anataka siku yake achongewe.

Tulikuwa na sheria moja tuliyoichukua kanisani: nyumba itakayopiga disko matangani, vijana wakacheza maiti ikiwa haijazikwa, haipati kitu chochote cha chama.

Basi akafa mchonga mawe mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo. Yeye na Rais walikuwa hawasalimiani. Marehemu ndiye aliyekuwa fundi wa kumwigiza Rais kuliko wote, na siku moja alimwambia mbele za watu arudi kwao akaongoze mazishi ya huko. Siku ya pili ya matanga nilipita kwa Rais asubuhi kuchukua daftari la mahudhurio, kwa kuwa mimi ndiye katibu, akaniuliza msibani kukoje. Nikamwambia, "Usiku kucha kumepigwa disko." Nilikuwa nimelala kwangu, mdundo wa spika ukinifika kifuani, na sauti ilitokea upande ule. Nililisema bila kulipima, nikachukua daftari nikaenda kuvunja kokoto zangu.

Rais alifunga stoo. Waliotumwa kuchukua turubai walirudi mikono mitupu, na wachongaji wakaambiwa asiende mtu. Wangeweza kukaidi. Hawakukaidi, na hilo baadaye hawakupenda kukumbushwa. Mjane aliketisha watu juani, moshi wa jaa la taka lililo jirani ukiwajia usoni. Kaburi lilichimbwa na ndugu wawili wa marehemu, mmoja kinyozi, mwingine muuza maji. Maziko yalikuwa yawe Jumamosi, yakafanyika Jumapili jioni, na kaburi halikufika kina. Nilisimama pale nikaona jeneza likiteremshwa kwa kamba. Lilifika upesi mno.

Hapo makaburini ndipo niliposikia watu wakilalamikia baa mpya iliyofunguliwa nyuma ya mashamba, hatua chache kupita nyumba ya marehemu, kwamba spika zake haziwaachi watu kulala hata kwenye msiba. Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na nyimbo za kanisa tu.

Mimi nina daftari langu la nyumbani, mbali na la chama. Naandika ya siku, mara nyingi ni upuuzi: mvua, bei ya unga, nani kanijibu vibaya. Ukurasa wa siku ile unasema hivi: "Nimemwambia Rais kule kuna disko. Nimesikia kwa masikio, sikwenda kuona." Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, niliongeza jioni ya maziko: "Haikuwa kwao." Basi. Sikumwendea Rais kumwambia, wala sikumwendea mjane. Kila siku nilisema kesho.

Wakati huo redio zilikuwa zimejaa habari za rais wa nchi, kama anaweza kung'olewa na vipi. Mwalimu akafika timboni siku moja na kitabu cha Katiba, akakaa juu ya rundo la mawe, akatusomea Ibara ya mia moja arubaini na tano. Alisoma vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Rais hang'olewi kwa sababu mmemchukia," akasema. "Lazima awe ameivunja katiba vibaya, au pawe na sababu nzito za kuamini ametenda kosa la jinai, au awe na mwenendo mbaya uliopita kiasi."

Mchongaji mmoja akauliza, "Na ubara haumo?"

"Haumo," mwalimu akajibu. "Lakini tutautafutia mahali."

Wakacheka. Nilicheka na mimi, nisijitoe.

Akaendelea. Mbunge mmoja huleta hoja, na thuluthi moja ya wabunge wote lazima imuunge mkono. Kisha Bunge hupiga kura, na ikipata thuluthi mbili ya wabunge wote, Spika ana siku mbili kumpelekea habari Spika wa Seneti. Hapo rais bado ni rais, analala Ikulu na anatia sahihi. Seneti hukutana kabla ya siku saba kwisha, na inaweza kuteua watu kumi na mmoja kuchunguza mashtaka kwa siku kumi. Rais ana haki ya kufika mbele yao mwenyewe au kutuma wakili. Wakiona mashtaka hayana msingi, mambo yameisha. Wakiona yana msingi, Seneti nzima humsikiza rais kwanza, halafu hupiga kura. Thuluthi mbili ya maseneta wote ikisema ndiyo, hata kwa shtaka moja tu, kiti kimemtoka.

Mtu akauliza rais akiwa na wazimu je. Mwalimu akasema hiyo ni ibara nyingine, ya madaktari, na wetu ana akili timamu, ndiyo hatari yake. Mwingine akauliza Seneti yetu iko wapi. Akaonyeshwa sisi akina mama tuliokaa kwenye kokoto. Mmoja wetu akasema Seneti haina nafasi leo, ina lori la kujaza.

Ikakubaliwa kwamba Seneti hatuna, lakini mengine tutayafuata: hoja ya thuluthi moja, asikizwe kwanza, kisha thuluthi mbili ya wanachama wote. "Si ya waliofika," mwalimu akasema, akiligonga neno kwenye kitabu kwa ukucha. "Wote."

Shtaka likaandikwa kwamba mwenyekiti amevunja katiba kwa kumnyima mwanachama kaburi bila uchunguzi. Nililiandika mimi, na lilikuwa shtaka la haki, maana kweli hakuchunguza. Ila nilijua kwamba wengi waliotia sahihi walikuwa na shtaka lao jingine, lile ambalo halimo kwenye Ibara. Mimi nilikataa kutia sahihi, nikasema katibu haegemei upande. Ukweli ni kwamba niliogopa jina langu likae karibu na jambo lile.

Siku ya mkutano kanisa lilijaa. Aliyeongoza ni mwalimu, kwa kuwa ndiye makamu, na kiti kikiwa wazi ndiye angekikalia. Niliona kwamba haifai. Nikafungua daftari la chama.

Mjane alizungumza kwanza, kwa ufupi. "Mume wangu amechonga makaburi ya nyumba zenu zote mlizofiwa," akasema. "Lake limechongwa na kinyozi." Akakaa.

Rais akasimama. Safari hii hakuna aliyesimama naye. Akasema alifuata sheria, aliambiwa kuna disko.

"Uliambiwa na nani?" mwalimu akauliza.

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu hana sababu ya kunidanganya."

Hakuniangalia. Alitazama mlangoni muda wote, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, daftari la chama mapajani, na lile langu la nyumbani kwenye kikapu chini ya kiti. Nilikuwa nimelibeba kwa nia ya kulisoma. Nasema nia, lakini nia yangu ilikuwa imekaa chini ya kiti pamoja nalo.

Mwalimu akamwuliza kama alikwenda kuona kwa macho yake. Akasema hakwenda. Kwa nini? "Kwa hiyo boma mimi sikuwa natakikana," akajibu.

"Na hapa je?" mtu akasema kutoka nyuma. Kanisa likaangua kicheko kibaya, cha watu waliongoja miaka. Mtu mwingine akamwigiza, "sikuwa natakikana," kwa sauti ile ile ya marehemu, na nikaona mjane akiinamisha kichwa.

Angelitaja jina langu, pale pale shtaka lingegawanyika mara mbili. Hakulitaja. Sikuelewa kwa nini, na hata leo sina hakika. Labda alidhani ni wajibu wa mwenyekiti kutomtoa aliyempa habari. Labda kiburi tu.

Ikaja kura ya mikono. Majina daftarini yalikuwa arubaini na manane, na thuluthi mbili yake ni thelathini na mbili. Nilipita katikati nikihesabu. Nikarudia. Ilikuwa thelathini na moja.

Mwalimu akaniangalia. "Katibu ni mwanachama," akasema. Kanisa zima likageuka. Nikauinua mkono, ule ule ulioshika kalamu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwa sababu ya kaburi, ndiyo, lilikuwa fupi. Kwa sababu ya yule mama na mtoto wake mgonjwa. Lakini pia kwa sababu mkono wangu ungebaki chini wangeniuliza una nini na huyu mbara, na jibu lake lilikuwa kikapuni.

Watu walianza kupiga vigelegele. Rais akaomba nafasi. Akasema katika mikono ile mmehesabu mama saba wasio wanachama. "Daftari iko na majina ya bwana zao," akasema. "Na bwana zao wamekufa."

Ilikuwa kweli. Mwanachama kwetu huandikwa mmoja kwa nyumba, na akifa hatumfuti. Hatukuwahi kukubaliana mkutanoni kwamba asifutwe. Hakuna tu aliyeweza kuchukua kalamu na kupiga mstari juu ya jina la mtu aliyemzika juzi. Mke huendelea kwa jina la mumewe, na akifa yeye, huzikwa kwa jina lile. Kwa hiyo chama cha kuzikana tulikuwa tunahesabu thuluthi ya wanachama wote na marehemu wamo.

Mwalimu akageukia kitabu chake. Alifunua Katiba ya nchi, akaifunga, maana wabunge wakifa hufanyiwa uchaguzi mwingine, na haikuandikwa popote habari za wajane wao. Akaniambia, basi toa marehemu kwenye hesabu. Nikafanya hesabu pembeni ya ukurasa, jasho likidondokea karatasi. Ukiwatoa saba hubaki arubaini na mmoja, na thuluthi mbili yake ni ishirini na minane. Mikono bila wajane ilikuwa ishirini na mitano. Bila mikono ya wajane, ukiwaweka marehemu kwenye hesabu ama ukiwatoa, Rais alikuwa amepona.

Matusi yakaanza. Siyaandiki yote. Mbara mjanja lilikuwa la heshima kuliko yote. Lakini mimi nilikuwa nawatazama wajane. Walikuwa wameketi safu moja karibu na dirisha, na walikuwa ndio kwanza wanaelewa. Aliye mkubwa wao, mama mzee ambaye mumewe alikufa miaka mingi, akaniita kwa upole. "Mwanangu. Kumbe mimi si mtu wa chama?"

Nikasema, "Abee, mama," kama mjinga. Kisha nikainama nikatoa daftari langu.

Nilitafuta ukurasa wa mwaka ule mumewe alipokufa. Mtu mmoja alikuwa ametuma ombi jina lifutwe ili mama huyu aombe uanachama upya na angoje miezi sita kama mgeni. Nikasoma nilivyoandika: "Rais amekataa. Amesema asifutwe mtu, mama ni mwanachama kama mumewe, na atakayebisha aende akamwambie marehemu. Leo amenifurahisha." Neno hilo la mwisho sikutaka kulisoma, lakini lilikuwa limeandikwa.

Siku hiyo tulikuwa watatu tu nyumbani kwa yule mama: yeye, mimi, na Rais. Mama alikuwa ameshasahau. Rais angeweza kusema ni uongo, daftari la nyumbani si la chama, na nani angemkatalia? Mwalimu akamwuliza, "Ulisema hivyo?"

"Nilisema," akajibu. "Ni kweli."

Kwa neno hilo mikono saba ikarudi kwenye hesabu, ikawa thelathini na mbili, na yeye akawa si mwenyekiti tena. Aling'olewa na jambo zuri kuliko yote aliyowahi kututendea. Nililisoma mimi, na kura iliyotimiza idadi ilikuwa yangu.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikafunua ukurasa wa pili. Nikausoma pia, wote, na ile nyongeza ya rangi nyingine. Kwamba aliyesema kuna disko ni mimi. Kwamba sikuona. Kwamba nilijua tangu siku ya maziko kuwa haikuwa kwao, na nikakaa kimya.

Nikalifunga daftari. Halafu mjane akasema, bila kupaza sauti, "Ulikula wali wangu wa matanga. Ukanishika mkono ukanipa pole."

Nikasema ni kweli. Nikamwomba mwalimu kura irudiwe, kwa kuwa mshtakiwa hakusikizwa ushahidi wote ukiwa mezani. Mwalimu akasema kura ikipigwa imepigwa, Katiba haina kurudia. Nimeisoma Ibara ile mara nyingi tangu hapo, kwa kidole, neno kwa neno. Haisemi irudiwe wala isirudiwe. Inasema asikizwe, ndipo wapige kura. Mimi nilisoma ukurasa baada ya kura. Lakini sina elimu, huenda kuna mahali pengine pamesema.

Wachongaji waliokuwa wakimtukana Rais walinigeukia mimi, na nadhani iliwapa nafuu. Waliitii amri ile wao wenyewe, na sasa walikuwa wamepata wa kumbebesha. Nasema nadhani. Lawama yenyewe ilikuwa halali yangu, hata ikiwa si yote.

Rais alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka juu ya meza. Akaomba jambo moja, maneno yake yaandikwe yote kwenye kumbukumbu za mkutano, yasikatwe. Alipopita karibu nami akasema, "Katibu. Hiyo ya pili ungeanza nayo." Akatoka.

Niliandika maneno yake yote, na makosa yake ya Kiswahili nikayaacha yalivyo. Halafu niliona kwamba kuyaacha vile ni kumwigiza, nikaandika upya. Halafu nikaona nimemtia maneno ambayo si yake. Ziko nakala mbili, zote nimezihifadhi.

Mwalimu ndiye mwenyekiti sasa. Si mbaya. Anachelewa, anasahau ufunguo, watu hawasimami akiingia. Majina ya marehemu bado yamo, na pembeni ya kila moja nimeandika jina la mke. Kaburi la yule mchongaji lilifunguliwa kwa ruhusa, likachongwa upya, watu wanane, asubuhi moja. Wa tisa alikuja bila kuitwa na sululu yake, akafanya kazi upande wake, akaondoka bila kunawa. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Mjane alimtazama mpaka akapotea njiani. Mimi hakunitazama, na timboni huvunja kokoto akinipa mgongo.

Niliandika barua ya kuacha ukatibu. Mwalimu akaisoma mkutanoni, akauliza nani analeta hoja ya kumwondoa, na thuluthi moja iko wapi. Hakuna aliyeinua mkono. Nilisubiri waseme wamenisamehe, nikawatazama, nikaona hapana. Mama mmoja akasema tu, "Nani mwingine hapa hati yake inasomeka?" Wakapitia ajenda inayofuata, nami nikaiandika.